Mafungo ya siku saba juu ya Inanna aliyeshuka kuzimu: naomba ushauri wenu

Binti wa Machame ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Ninaandika kutoka kusini mwa Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi kwa mwaka wa sita sasa. Mama yangu alifariki nyumbani Machame mwezi Machi mwaka jana, wakati kibali changu cha ukaazi kilikuwa bado kinashughulikiwa, na kwa hiyo sikuweza kusafiri; mazishi niliyafuata kwenye simu, nikiwa nimeketi peke yangu kwenye ngazi za nyuma za hospitali wakati wa mapumziko ya mchana. Tangu siku hiyo ninafanya kazi, ninakula, ninakwenda kanisani, lakini sijalia hata mara moja, na ninahisi kama kuna kitu ndani yangu kimesimama mahali pamoja na hakitaki kusogea.

Mfanyakazi mwenzangu, mama Mjerumani ninayemheshimu sana, amenialika twende pamoja kwenye mafungo ya siku saba yatakayofanyika mwezi Oktoba katika nyumba ya milimani iliyokuwa ya watawa zamani. Si mafungo ya kanisa. Waongozaji ni wawili, mmoja msimulizi wa hadithi na mwingine mtaalamu wa saikolojia, na mafungo yote yamejengwa juu ya kisa kimoja cha kale cha Wasumeri, cha mungu wa kike aitwaye Inanna, anayeshuka kuzimu kupitia malango saba. Kila siku husimuliwa lango moja, kisha washiriki hukaa kimya, huandika, hutembea msituni, na jioni huketi kuuzunguka moto na kueleza mahali kisa kilipowagusa. Karatasi ya mwaliko inasema kwamba mshiriki ataacha kitu katika kila lango na kurudi akiwa mtu mpya.

Ninaomba mnisaidie kujua kisa hiki ni nini hasa, na kama kinasimuliwa kilivyo au kimekatwakatwa ili kivutie wateja. Pia mimi ni Mlutheri, na ninajiuliza kama kukaa wiki nzima na kisa cha mungu wa watu wengine si namna ya kumwabudu. Na kama yupo hapa aliyewahi kwenda kwenye mafungo ya aina hii, tafadhali anieleze alirudi vipi.

Mwalimu Kondo amejibu:

Pole sana, mwanangu, kwa kuondokewa na mama ukiwa mbali. Nimefundisha historia ya kale kwa miaka mingi, na kisa hiki nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo nitajibu sehemu inayonihusu.

Inanna alikuwa mungu wa mapenzi na wa vita wa Wasumeri, watu wa kale wa Mesopotamia, na hekalu lake kuu, Eanna, lilikuwa katika mji wa Uruk. Kisa cha kushuka kwake kimetufikia kama utenzi wa Kisumeri wenye mistari ipatayo 400, ulioandikwa kwa mwandiko wa kikabari, wa alama zenye umbo la kabari, kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 3,600 iliyopita. Vingi vya vibao hivyo vilifukuliwa Nippur, kusini mwa Iraki ya leo, vikiwa vimevunjika vipande vipande. Kipo kibao kimoja ambacho nusu yake ya juu ilikutwa katika makumbusho ya Istanbul na nusu yake ya chini katika makumbusho ya Philadelphia, na wataalamu, hasa Samuel Noah Kramer, walitumia miaka mingi kuviunganisha hadi kisa kikasomeka. Baadaye Waashuri walikuwa na kisa kama hicho kwa lugha yao ya Kiakadi, kifupi zaidi, ambamo mungu huyo huitwa Ishtar. Kwa hiyo kisa chenyewe hakikubuniwa juzi.

Utenzi unaanza kwa kusema kwamba kutoka mbingu iliyo juu Inanna aliielekeza akili yake kwenye nchi kubwa iliyo chini, na neno la Kisumeri lililotumika hapo lina maana ya akili na pia ya sikio, hata tunaweza kusema kwamba alitega sikio kuelekea kuzimu. Anajipamba kwa mapambo yake yote. Kabla ya kuondoka anafanya jambo ambalo ninakuomba ulikumbuke kuliko malango yote: anamwita mtumishi wake Ninshubur na kumpa maagizo kamili. Asiporudi, Ninshubur aomboleze, apige ngoma, avae nguo moja duni, kisha aende kwa mungu Enlil mjini Nippur, na Enlil akikataa aende kwa mungu Nanna mjini Ur, na Nanna naye akikataa aende kwa mungu Enki mjini Eridu, awasihi wasimwache binti yao afie chini.

Malangoni anavuliwa kitu kimoja kimoja, kuanzia kilemba cha kichwani hadi joho la kifalme katika lango la saba, na kila anapouliza sababu anaambiwa anyamaze, kwa kuwa taratibu za kuzimu hazihojiwi. Anafika uchi mbele ya dada yake Ereshkigal, malkia wa wafu. Waamuzi saba wanamhukumu, anageuka maiti, na maiti inatundikwa kwenye kulabu. Zinapita siku tatu, usiku na mchana, ndipo Ninshubur anapoanza safari yake. Enlil anakataa. Nanna anakataa. Enki anatoa uchafu uliokuwa chini ya kucha zake na kuufinyanga kuwa viumbe wawili, anawapa mmea wa uzima na maji ya uzima, na kuwatuma.

Viumbe hao hawaendi kupigana. Wanapenya mlangoni kama nzi na kumkuta Ereshkigal amelala akiugulia, na hapo utenzi unamwita mama aliyezaa, anayeteseka kwa ajili ya watoto wake. Anapolia kwa uchungu wa moyo wake, wao wanaitikia kwa kuutaja uchungu wa moyo wake. Anapolia kwa uchungu wa maungo yake, wanaitikia vivyo hivyo. Ereshkigal anashangaa, anawauliza ni akina nani, anataka kuwapa mto uliojaa maji na shamba lililojaa nafaka, nao wanakataa zawadi hizo na kuomba ile maiti iliyo kwenye kulabu. Wanapewa, wanainyunyizia, na Inanna anasimama.

Sisi tuliokulia kwenye matanga tunalijua jambo hili tangu utotoni, kwamba aliaye kilio huitikiwa, na kwamba wanawake wanaofika mlangoni wakilia pamoja na mfiwa hawafanyi onyesho bali wanambebea sehemu ya mzigo. Kuzimu kulifunguka kwa kuitikiwa kilio. Na mistari ya mwisho ya utenzi haimsifu Inanna, inamsifu Ereshkigal. Nikikusoma wewe, mwanangu, sidhani kama mahali pako katika kisa hiki ni pa yule anayevuliwa mapambo malangoni. Naona uko upande wa yule anayelia chini bila mtu wa kumwitikia.

Kuhusu kukatwa: kisa hakiishii kwa Inanna kufufuka. Sheria ya kuzimu ni kwamba hakuna atokaye bila kuacha mbadala, kwa hiyo mashetani wa kuzimu wanapanda pamoja naye. Wanamtaka Ninshubur, Inanna anakataa, kwa kuwa Ninshubur alimlilia. Mwishowe anamkuta mumewe Dumuzi ameketi kwenye kiti cha enzi akiwa amevaa nguo nzuri, hana dalili ya msiba, na anawakabidhi yeye; baadaye Dumuzi na dada yake Geshtinanna wanagawana mwaka, nusu kwa nusu, kukaa kuzimu. Waulize waongozaji wako kama wanaisimulia sehemu hii, maana maneno ya kurudi ukiwa mtu mpya yameiruka kabisa.

Mwanaparokia amejibu:

Nitagusa swali la ibada tu. Sioni ibada mahali ambapo hakuna sadaka, hakuna sala kwa mungu huyo na hakuna anayekutaka umkiri. Waulize wazi kama kutakuwa na vitu hivyo, na vikiwapo kaa mbali navyo bila kuona haya. Lakini kubadilishwa na masimulizi ukiwa mafungoni si jambo geni kwa Wakristo. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alivunjwa mguu kwa mzinga vitani Pamplona mwaka 1521, akalazwa nyumbani kwao akisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu kwa sababu hapakuwa na vitabu vingine, na baada ya hapo akaanza kuandika Mazoezi ya Kiroho aliyoyapata kwa kujaribu mwenyewe huko Manresa. Mazoezi hayo, yaliyoidhinishwa na Papa mwaka 1548, huchukua takriban siku 30, na sehemu kubwa ni kuingia ndani ya habari za Injili kwa mawazo: unauona mji, unaisikia sauti, unasimama mahali fulani katika umati. Nanyi Walutheri mna Zaburi za maombolezo. Nenda na Zaburi yako, usiifiche.

Mkaazi wa Leeds amejibu:

Dada, pole kwa msiba. Mimi nilikwenda kwenye mafungo yaliyojengwa juu ya kisa hikihiki, mashambani hapa Uingereza, miaka mitatu iliyopita, siku tano, tukiwa watu kumi na wanne. Nitakueleza mazuri na mabaya kwa uzito uleule, kwa sababu yote mawili yalinipata.

Zuri lilikuwa kusimuliwa. Sijui kama umewahi, tangu ukiwa mtoto, kuketi gizani ukamsikiliza mtu mmoja akisimulia kwa saa nzima bila kusoma na bila kueleza maana. Nilimkumbuka bibi yangu akisema "paukwa" nasi tukijibu "pakawa". Katika lango la tano, Inanna anapovuliwa bangili ya dhahabu, tuliambiwa kila mmoja atafute kitu alichobeba na akiweke chini hadi asubuhi. Nilivua saa ya marehemu baba yangu, ambayo sikuwahi kuivua isipokuwa wakati wa kuoga, na usiku ule nilitambua kwamba kwa miaka minane nilikuwa ninaishi kwa kumwogopa mtu aliyekwisha kufa. Hakuna aliyenitafsiria. Kama wangenipa maelezo, nadhani ningeyakubali kwa kichwa na kuondoka nilivyokuja.

Baya lilitokea siku ya nne. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa hajalala kwa siku mbili, anatetemeka, anasema anaona mambo ya zamani yakitokea tena mbele yake, na alipoomba kusimama na kupumzika, mwongozaji alimjibu kwa maneno ya kisa: nyamaza, taratibu za kuzimu hazihojiwi. Simu zetu zilikuwa zimekusanywa siku ya kwanza na kufungiwa kabatini. Hapakuwa na mtaalamu yeyote wa afya ya akili. Mwishowe aliyempeleka hospitali kwa gari lake ni mpishi, usiku, huku sisi wengine tukiwa tumeketi kwenye duara tukidhani kwamba kunyamaza ndiko kuwa waaminifu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na lawama nyingine ni yangu, kwa sababu nami nilinyamaza.

Nilipomsoma Mwalimu Kondo hapo juu nilielewa kilichokosekana. Walikuwa na malango, walikuwa na amri ya kunyamaza, lakini walimwacha Ninshubur. Kwa hiyo usiwaulize kwanza kama kisa ni kizuri. Waulize ni nani anayebaki nje akiwa na maagizo, kama mtu anaweza kuondoka siku yoyote bila kuaibishwa, simu zinawekwa wapi na nani ana ufunguo, na nani anakuwa macho usiku. Ukiona wanakereka kwa maswali hayo, dada yangu, usiende. Na mimi kwa maoni yangu ningekushauri uende kwanza Machame, ulie kwenye kaburi la mama, ndipo ufikirie mambo ya Wasumeri.

Mjukuu wa Somo amejibu:

Shikamoo Mwalimu Kondo, na pole sana dada yangu wa Machame.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo hapa Tanga, na wasichana wengi wa mtaa wetu walipita mikononi mwake. Siri za unyago si zangu kuzitoa, lakini umbo lake linajulikana na kila mtu: mwali huwekwa ndani, hufundishwa kwa nyimbo, mafumbo na ngoma, kisha hutolewa. Mwaka 1909 mtafiti wa mila Arnold van Gennep aliandika kwamba mila za namna hii duniani kote zina hatua tatu, yaani kutengwa, kuwa kati, na kurudishwa. Naye mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyeichunguza sana hiyo hatua ya kati, aliisoma kwa Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950, kwenye jando lao na matambiko yao. Ninalisema hili kwa sababu mafungo mengi ya Ulaya na Marekani yanasimama juu ya fikra hizo, pamoja na zile za mwanasaikolojia Carl Jung na za Joseph Campbell, mwandishi wa visa vya kale, na kwa hiyo dada unapoingia katika nyumba ile ya milimani usijione mgeni aliyekaribishwa kwenye jambo la wenyewe. Sehemu ya jambo hilo ilitoka katika kumbi zetu.

Kitu ninachokiona kimepungua ni hatua ya tatu. Bibi alikuwa akisema kwamba kumfundisha mwali ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuwaandaa walio nje. Siku ya kutolewa watu walikuwa wanangoja na vigelegele, shangazi ameshona nguo mpya, majirani wanamtunza, na kuanzia siku hiyo kila mtu mtaani alibadilisha namna ya kumwita na kumsemesha. Mabadiliko hayakuwa ndani ya moyo wa mwali peke yake. Yalikuwa ndani ya macho ya watu waliompokea. Sasa mtu anayemaliza mafungo Jumapili na kuingia zamu Jumatatu, mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua alikokuwa, amebadilika mbele ya nani?

Kwa hiyo sikubaliani na kaka wa Leeds kwamba usubiri hadi uende nyumbani. Nauli ya Ujerumani hadi Kilimanjaro si ya kuamka tu na kuilipa, na ruhusa za wauguzi tunazisikia zilivyo. Mzigo unaousema umekwisha kaa mwaka mzima na zaidi. Ninachokuomba ni utafute wa kukupokea kabla hujaenda, angalau mtu mmoja anayeijua sauti ya mama yako, na umwambie tarehe utakayotoka. Tena huyo mama Mjerumani aliyekualika, muulize kama yuko tayari kukaa nawe siku mbili baada ya mafungo, mpike, mnyamaze, mlale. Kama amekualika kwa moyo atakubali.

Binti wa Machame amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na asanteni sana nyote. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilitaka kwanza kufanya mliyoniambia.

Niliwaandikia waongozaji na kuwauliza maswali ya kaka wa Leeds bila kuyapunguza makali. Walijibu kesho yake. Yule mtaalamu wa saikolojia analala nyumba hiyohiyo na chumba chake kinagongwa saa yoyote. Simu hubaki na mwenyewe, isipokuwa wakati wa kusimulia. Na mwaka juzi mshiriki mmoja aliondoka siku ya tatu, nao wakampeleka stesheni na kumpigia alipofika. Hakuna sala wala sadaka kwa Inanna. Kuhusu Dumuzi, msimulizi alikiri kwamba sehemu hiyo husimuliwa siku ya saba lakini hawaiweki kwenye mwaliko kwa kuwa huwaogopesha watu, na aliniomba ruhusa ya kulitafakari swali langu. Mama Mjerumani amekubali zile siku mbili, na ameniuliza kama nitamfundisha kupika mtori, ambao mama yangu alikuwa akinipikia kila niliporudi likizo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Usiku nilipomaliza kusoma maneno ya Mwalimu kuhusu wale viumbe wawili walioitikia kilio, nilimpigia dada yangu mkubwa Machame. Hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ya mazishi. Yeye alidhani nisingependa, nami nilidhani ingemuumiza. Nilimwomba anisimulie siku yote tangu alfajiri: nani alifika kwanza, jeneza lilipita mlango upi, mvua ilinyesha saa ngapi, nani alianzisha wimbo kaburini. Alisimulia kwa karibu saa mbili. Alipofika mahali ambapo shangazi alishika kanga ya mama na kuita jina lake, dada alishindwa kuendelea, akalia, na mimi nikamsikia mtu mwingine akilia, na ilichukua muda kabla sijatambua kwamba ni mimi.

Nitakwenda Oktoba. Bado ninaogopa, hasa lile lango la saba. Nimemtumia dada anwani ya nyumba ile na namba za watu watatu. Tumekubaliana kwamba atanipigia usiku wa tatu saa nne, saa za nyumbani, na nisipopokea atampigia mama Mjerumani. Asipopokea yeye, atampigia mchungaji wangu wa hapa. Na ikishindikana kote atamwamsha kaka yetu aliye Hamburg, ambaye amesema kwamba gari lake litakuwa na mafuta wiki hiyo yote.